Kurekodi muziki nyumbani kwa vifaa vya bei nafuu: mwongozo kamili kuanzia chumba mpaka faili la mwisho

Karibu kila anayeanza kurekodi nyumbani anauliza "ninunue maiki gani", na mimi naona hilo swali linakuja mapema mno, maana maiki haisikii sauti yako peke yake, inasikia sauti yako pamoja na chumba ulichosimama, feni inayozunguka, mlango wa jirani na mwangwi unaorudi kutoka ukutani. Ukiweka maiki ya gharama kwenye chumba kitupu chenye sakafu ngumu utapata mwangwi uleule, tena umerekodiwa kwa usafi zaidi. Chukua maiki ya kawaida kabisa, iweke sehemu tulivu, umbali sahihi, geini sahihi (geini ni kiasi unachokuza sauti ya maiki inapoingia), afu msikilizishe mtu uone kama atajua umerekodi chumbani kwako. Kwahiyo tunaanza na vitu ambavyo havina bei, baada ya hapo ndo tuingie kwenye kununua, afu namna ya kuvitumia.

Chumba kwanza

Ingia kila chumba ulichonacho upige kofi moja kali. Ukisikia mlio unabaki hewani unatetemeka, ujue kuta zinarushiana sauti. Utagundua chumba cha kulala chenye godoro, mapazia mazito na kabati lililojaa nguo kinasikika kikavu kuliko sebule kubwa, na hicho ndo cha kurekodia. Bafu na jiko achana navyo.

Sababu yenyewe iko hivi. Sauti inasafiri karibu mita 343 kwa sekunde, inatoka mdomoni inaingia kwenye maiki, na wakati huohuo inagonga ukuta na kurudi kuingia tena ikiwa imechelewa kidogo. Ukishairekodi hivyo hamna plagini (programu ndogo ya kurekebisha sauti ndani ya programu ya kurekodia) ya kuitoa vizuri, zipo zinazojaribu ila zinaacha sauti kama mtu anaimba ndani ya maji. Rivebu, yaani mwangwi wa kutengeneza, unaweza kuongeza baadae muda wowote unaotaka, kuitoa ndo kazi, ndo maana tunatafuta sehemu kavu.

Sasa hapa kuna kosa nalikuta kila mahali: mtu anatundika blanketi mbele yake, nyuma ya maiki, afu nyuma yake yeye kuna ukuta mtupu. Maiki nyingi za kuimbia ni kadioidi, maana yake zinasikia vizuri upande wa mbele na upande wa nyuma karibu hazisikii kitu. Maiki inakutazama wewe na kile kilicho nyuma yako. Kwahiyo blanketi nzito, au kabati la nguo lililofunguliwa milango, liwe mgongoni kwako, na kama zipo za kutosha weka na pembeni kulia na kushoto. Usizibandike ukutani moja kwa moja, ziache kama sentimita 10 mbali na ukuta, hiyo nafasi ya hewa inasaidia kunyonya sauti za chini zaidi kidogo.

Trei za mayai tafadhali usipoteze nguvu zako, ni nyepesi na nyembamba, hazinyonyi kitu cha maana, na zinashika moto haraka. Sponji za studio zile nyembamba za sentimita 2 au 3 zinanyonya sauti za juu tu, besi inabaki palepale, kwahiyo unaishia na chumba kilichofifia juu na kuvuma chini. Wimbi la sauti ya 100 Hz lina urefu wa kama mita 3.4, sponji ya sentimita 2 haiwezi kulifanya lolote. Ukitaka kitu cha kudumu, tengeneza paneli mwenyewe: fremu ya mbao, ndani jaza rokwuli, ile pamba ngumu inayotumika kuzuia joto kwenye majengo, unene sentimita 10, funika kwa kitambaa kinachopitisha hewa. Vaa barakoa, glavu na mikono mirefu wakati wa kukata, nyuzi zake zinawasha vibaya.

Na uelewe kwamba vitu vyote hivi vinapunguza mwangwi wa ndani, havizuii kelele kuingia wala kutoka. Kuzuia kelele kunahitaji kuta nzito na kuziba kila mwanya, hiyo ni kazi ya ujenzi. Kwa bajeti ndogo dawa ya kelele ni muda: chagua saa ambayo mtaa umelala, zima feni, zima friji kama iko karibu (weka kikumbusho cha kuiwasha tena), na sauti ambayo huwezi kuizima, mfano kompyuta inayovuma, iwe upande wa mgongo wa maiki.

Mpangilio wa kununua

Naamini kabisa kwamba mpangilio wa kununua una maana kuliko brandi. Kompyuta au simu unayo tayari, programu zipo za bure, kwahiyo hela ya kwanza iende kwenye hedifoni, ya pili intafesi na maiki pamoja, afu stendi na kebo, na spika za studio ziwe mwisho kabisa. Watu wanapinga hilo la spika lakini nitalieleza huko mbele.

*Kompyuta.* Hauhitaji mashine kubwa kurekodi. Laptopu yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD inatosha wimbo wenye traki (mistari ya sauti inayorekodiwa kila mmoja peke yake) 20 mpaka 30 bila presha, hata GB 4 inaweza kurekodi sauti kama hauna plagini nyingi. Ninachosisitiza ni nafasi ya diski: traki moja ya mono kwa biti 24 na 48 kHz (hivyo ni viwango vya ubora wa rekodi) inakula karibu MB 8.6 kwa dakika, kwahiyo wimbo wa dakika 4 wenye traki 20 ni karibu MB 700, na hapo haujahesabu teki, yaani zile mara ulizorudia kurekodi.

*Programu.* Kama una Mac au iPhone, GarageBand ipo bure na inatosha kumaliza wimbo mzima. Kwenye Windows, Mac au Linux kuna Audacity, ya bure, nzuri kwa kurekodi sauti na kukata, ila kutengenezea wimbo mzima wenye vyombo vya MIDI (noti zinazopigwa na kompyuta badala ya sauti iliyorekodiwa) utaona inabana. Reaper ndo naipenda kwa mtu mwenye kompyuta dhaifu, ni nyepesi sana, unaijaribu siku 60 ikiwa kamili, na leseni yake ya watu binafsi ni ya bei ndogo ukilinganisha na wenzake. Waveform Free nayo ni ya bure na haina kikomo cha traki. Wanaotengeneza midundo kwa FL Studio wajue kwamba toleo la Fruity halirekodi sauti ya maiki, unahitaji Producer kwenda juu, watu wengi wanakuja kugundua wakiwa wameshanunua. Kwenye simu ipo BandLab, bure.

Chagua moja ukae nayo. Kuhama programu kila wiki kunakula muda ambao ungeimba.

*Hedifoni.* Hiki ndo kifaa utakachokisikilizia kila uamuzi utakaofanya, ukikosea hapa utakosea kila kitu kinachofuata. Kwa kurekodi unahitaji zilizofunika sikio na zilizofungwa nyuma, ili mdundo usivuje ukaingia kwenye maiki. Audio-Technica ATH-M20x ni mahali pazuri pa kuanzia, Sony MDR-7506 zipo tangu 1991 na bado studio nyingi wanazitumia kwasababu zinaonesha kasoro za sauti bila huruma. Epuka zile zilizoandikwa besi ya ziada, zitakudanganya, utapunguza besi kwenye miksi (kuchanganya traki zote ziwe wimbo mmoja) afu wimbo ukipigwa kwenye spika nyingine unasikika mwembamba.

Na kitu kimoja nasema kwa msisitizo: usirekodi kwa hedifoni za Bluetooth. Ucheleweshaji wake mara nyingi unafika milisekunde 100 na kuendelea, utajisikia unaimba nyuma ya mdundo, utaanza kujirekebisha, na mwisho kila mstari umekaa pembeni ya wakati. Waya tu.

*Intafesi.* Hii ndo ile wengi wanaiita saundi kadi ya nje, kiboksi kinachopokea maiki na gitaa na kupeleka kwenye kompyuta kwa USB. Ukiwa unarekodi peke yako, tundu moja la maiki na moja la gitaa yanatosha. Focusrite Scarlett Solo, Behringer UM2 na UMC22, M-Audio M-Track Solo, zote ziko kundi hilo. Kama utarekodi gitaa na sauti kwa pamoja na maiki mbili, au kinanda kwa stirio, nenda kwenye matundu mawili kama Scarlett 2i2 au UMC202HD. Usinunue yenye matundu nane kwasababu ya ndoto ya kurekodi bendi siku moja.

Kabla hujalipa hakikisha vitu vinne: ina umeme wa volti 48 kwa maiki za kondensa, ina swichi au kitufe cha kujisikiliza moja kwa moja bila kupitia kompyuta, tundu la gitaa lina alama ya instrumenti au Hi-Z, na kampuni bado inatoa draiva (programu inayofanya kompyuta itambue kifaa) kwa toleo la mfumo wako wa kompyuta. Hilo la draiva linawaponza sana wanaonunua mtumba.

*Maiki.* Kuna aina mbili zinazokuhusu. Dainamiki haihitaji umeme, ni ngumu, haisikii sana vitu vya mbali, kwahiyo kwenye chumba kibovu inakusaidia. Kondensa inahitaji zile volti 48, inasikia kila kitu, pumzi, midomo, pikipiki ya mtaa wa tatu. Watu wote wanakimbilia kondensa kwasababu ndo wanaiona kwenye picha za studio. Ushauri wangu ni huu: kama chumba chako kikavu na kimetulia, kondensa ya kuanzia kama Audio-Technica AT2020 itakupa sauti ya juu iliyo wazi na yenye hewa. Kama kuna kelele au mwangwi, chukua dainamiki uimbie karibu, Shure SM58 au SM57, au Behringer XM8500 kwa bajeti ndogo zaidi. SM57 ilitoka 1965, SM58 ikafuata 1966, mpaka leo zinarekodi sauti, ngoma na spika za gitaa, hautajuta kuwa nayo hata ukija kununua nyingine kubwa.

SM58 feki zimejaa sana. Ya kweli ina uzito wa karibu gramu 300, ukishika nyepesi kama toi iache. Na ile SM7B inayoonekana kwa kila mtu wa podikasti usiianzie, inahitaji geini nyingi, karibu desibeli 60, intafesi ndogo inafika mwisho wa kitufe na kuanza kutoa mlio wa hewa, unaishia kununua na kifaa cha kuongeza nguvu.

Maiki za USB ni rahisi, unachomeka unaimba. Shida ni kwamba nyingi hazina tundu lingine, siku ukitaka kuhamia kwenye intafesi inabaki mapambo. Kama lazima uanzie huko, tafuta zenye USB na XLR (tundu la pini tatu la kebo ya maiki) kwa pamoja, mfano Samson Q2U, hiyo ni dainamiki na itakufuata utakapokua.

*Vitu vidogo.* Stendi nzito isiyotikisika, kebo ya XLR ya mita 3 mpaka 5, na pop filta. Pop filta unaweza kutengeneza kwa soksi nyembamba ya nailoni iliyovutwa kwenye waya wa kutundikia nguo, inafanya kazi ileile. Kwenye stendi usibane hela kupita kiasi, stendi inayoshuka polepole katikati ya teki inakuharibia umbali, na umbali ndo sauti yenyewe.

Kwa mtumba: maiki dainamiki na stendi nunua bila woga ukishajaribu. Kondensa ya mtumba kuwa makini, unyevu na vumbi vinaiharibu, isikilize kwa hedifoni ukiwa kimya kabisa, ikitoa mikwaruzo au milio ya kupasukapasuka rudisha. Intafesi zungusha kila kitufe mpaka mwisho ukisikiliza, na jaribu volti 48 kwa maiki ya kondensa halisi, taa kuwaka peke yake haithibitishi kitu.

Kama una simu tu

Unaweza kuanza. Ingia kwenye kabati la nguo au kaa katikati ya blanketi, weka simu kwenye kitu kisichotikisika, umbali wa sentimita 20 hivi, ielekeze maiki yake mdomoni (nyingi iko chini karibu na tundu la chaji), tumia programu inayohifadhi WAV (faili la sauti lisilobanwa) badala ya ile ya kurekodi maongezi ambayo inabana faili na kujipunguzia kelele yenyewe. Weka simu kwenye hali ya ndege. Mdundo usikilizie kwa hedifoni za waya kutoka kifaa kingine au kwenye BandLab hiyohiyo. Baadae intafesi nyingi za USB zinaingia kwenye simu kwa adapta ya OTG (inayounganisha USB ya kawaida na simu), ila simu mara nyingi haitoi umeme wa kutosha, utahitaji habu ya USB yenye chaji yake.

Kuunganisha na kuweka setingi

Funga draiva ya intafesi kutoka tovuti ya kampuni yake kabla hujachomeka, kwenye Windows chagua ASIO (aina ya draiva inayopunguza ucheleweshaji) ndani ya programu, na kama kifaa hakina ASIO yake jaribu ASIO4ALL ya bure. Kwenye Mac huwa inatambua yenyewe. Chomeka USB moja kwa moja kwenye kompyuta, sio kwenye habu ya bei rahisi.

Kuwasha volti 48 kuna utaratibu: teremsha sauti ya hedifoni na spika, chomeka kebo ya XLR, ndo uwashe, subiri sekunde chache, afu pandisha geini. Kuzima kinyume chake. Maiki ya riboni (yenye utepe mwembamba wa chuma ndani) ya zamani usiipelekee volti 48, inaweza kuharibika. Dainamiki ya kawaida yenye kebo nzima haina tatizo.

Ndani ya programu fungua projekti ya biti 24, 44.1 au 48 kHz, chagua moja na usibadilishe katikati. Usihangaike na 96 wala 192, inakula diski na nguvu ya kompyuta tu. Biti 24 ndo ina faida ya kweli kwasababu inakuwezesha kurekodi kwa sauti ya chini kidogo bila kupata kelele za chini, yaani hakuna tena sababu ya kusukuma mita ya sauti kwenye skrini mpaka juu.

Bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakusanya kabla ya kuichakata, inawachanganya wengi. Wakati wa kurekodi iweke 64 au 128, wakati wa miksi ipandishe 512 au 1024. Kwa 48 kHz bafa ya 128 ni kama milisekunde 2.7 kwa kwenda, 1024 ni zaidi ya 21, na hiyo ya pili utaisikia. Kompyuta ikianza kukwaruza kwenye bafa ndogo, washa ile swichi ya kujisikiliza moja kwa moja kwenye intafesi, zima sauti ya traki hiyo ndani ya programu ili usijisikie mara mbili, na bafa iache kubwa, tatizo limeisha. Vilevile unaweza kutoa mdundo mzima kama faili moja ukaimbia kwenye projekti mpya tupu, kompyuta dhaifu inapumua kabisa.

Ukisikia mvumo mzito wa chini usiokatika, toa chaja ya laptopu uone. Mara nyingi ndo yenyewe. Ukiisha, rekodi kwa betri, au chomeka vifaa vyote kwenye soketi moja ya ukutani.

Kurekodi sauti ya kuimba

Hapa ndo pa kukaa muda mrefu. Weka pop filta sentimita 8 hivi mbele ya maiki, wewe simama sentimita 15 mpaka 20 kutoka kwenye maiki. Umbali ukipungua nusu, sauti yako inayoingia moja kwa moja inapanda karibu desibeli 6 wakati mwangwi wa chumba unabaki palepale, kwahiyo kusogea ndo njia rahisi kuliko zote ya kupunguza chumba. Ila kusogea kuna bei yake, maiki ya kadioidi inaongeza besi kadri unavyoisogelea, sauti ya mwanaume mnene inaweza kuwa tope, sauti nyembamba inanenepa vizuri. Imba mstari mmoja kwa sentimita 10, 20 na 30, sikiliza, chagua. Hiyo majaribio ya dakika tano ina faida kuliko plagini yoyote utakayokuja kuipakua.

Kama "s" na "sh" zinachoma, geuza maiki kidogo pembeni isikutazame mdomo moja kwa moja, au ipandishe usawa wa pua ikielekea chini mdomoni. Kama "p" na "b" zinapiga, ni hewa, ongeza nafasi kati ya pop filta na maiki.

Geini: imba ile sehemu ya wimbo unayoimba kwa nguvu zote, sio ile ya mwanzo ya kunong'ona, na pandisha mpaka kilele cha mita ya sauti kiguse kati ya desibeli -12 na -8. Isifike 0 hata mara moja, sauti ikishapasuka kidijitali imepasuka. Watu wakishaanza kurekodi kweli huwa wanaimba kwa nguvu kuliko kwenye majaribio, kwahiyo acha nafasi.

Hedifoni zisiwe na sauti kubwa, mdundo unavuja, na ukijisikia mdogo utapiga kelele, ukijisikia mkubwa utaimba kwa woga. Waimbaji wengi wanakaa kwenye noti vizuri zaidi wakiacha sikio moja nje kidogo, ila upande ule wa hedifoni uliobaki wazi uukandamize kichwani usivuje. Weka rivebu kidogo kwenye kujisikiliza kama programu inaruhusu, isirekodiwe, ni ya kukupa raha tu, na raha ya mwimbaji inasikika kwenye rekodi.

Rekodi wimbo mzima mara tatu au nne bila kusimama, ndo uanze kurudia mistari mibovu. Ukikata mstari kwa mstari tangu mwanzo, hisia zinakatika na pumzi zinakuwa hazieleweki. Baadae chagua vipande bora kutoka kila teki uviunganishe, weka fedi fupi (sauti kuingia na kutoka taratibu) kwenye kila muungano ili pasisikike mlio wa kukata. Mwisho rekodi sekunde 10 za ukimya wa chumba, zitakusaidia kuziba mapengo na kufundishia kifaa cha kupunguza kelele.

Vyombo

Gitaa kavu, elekeza maiki pale shingo inapokutana na mwili, karibu na freti ya 12, sentimita 20 mpaka 30. Kila mtu anataka kuielekeza kwenye tundu, usifanye hivyo, tundu linatoa mvumo mkubwa wa besi. Ukisogeza kuelekea daraja unapata ukali, ukisogeza kuelekea shingo unapata ulaini. Badilisha nyuzi kabla ya siku ya kurekodi, nyuzi zilizokufa hamna ikwalaiza inayozifufua, na chuni kabla ya kila teki.

Gitaa la umeme na besi chomeka moja kwa moja kwenye tundu la Hi-Z, ukilichomeka kwenye tundu la lain (la vifaa ambavyo sauti yake ni kubwa tayari) litasikika dhaifu na limefifia. Sauti ya amplifaya utaweka ndani ya kompyuta, Neural Amp Modeler ni ya bure na inashangaza kwa ubora.

Kinanda kikiwa na tundu la lain, tumia kebo mbili kwa stirio. Kama unapenda kubadilisha sauti baadae, rekodi MIDI kwa USB, hapo ukikosea noti unaisogeza kwa mausi. Kibodi ndogo ya MIDI ya funguo 25 inatosha kwa kujenga mdundo.

Ngoma na vyombo vya kugonga vina kilele kikali sana, teremsha geini mpaka uone -15 hivi kwenye pigo la kawaida. Usiweke maiki imegusana na ngozi, anza sentimita 30 ili ngoma ipate nafasi ya kutoa mlio wake wote. Ukitumia maiki mbili kwa chombo kimoja, sikiliza kwa mono, kama besi inapotea geuza polariti ya traki moja, yaani pindua wimbi lake.

Miksi, kwa kifupi

Miksi ina mwongozo wake mrefu, hapa naweka kinachokutoa. Kata chini ya 80 Hz kwenye sauti ya kuimba, mara nyingi hakuna kitu pale zaidi ya miguu na magari. Ikisikika kwenye boksi, punguza desibeli 2 au 3 kati ya 200 na 400 Hz. Kompresa (inayoshusha sehemu zenye sauti kubwa) iwe uwiano wa 3 kwa 1, ishushe desibeli 3 mpaka 6 kwenye sehemu za nguvu. Rivebu iweke kwenye traki yake pekee uipelekee sauti kidogokidogo kutoka traki zingine, zote zisikike ziko chumba kimoja.

Na zile spika nilizosema ziwe mwisho: spika za studio kwenye chumba kidogo kisichotengenezwa zinakuonesha chumba zaidi kuliko miksi, kona inaongeza besi, meza inarudisha sauti, unarekebisha matatizo ambayo hayamo kwenye wimbo. Hedifoni nzuri, wimbo mmoja au miwili unayoijua vizuri ya kulinganishia, na kusikiliza kwa simu na kwenye gari, vitakufikisha mbali kwanza. Ukija kuzinunua, inchi 5 zinatosha chumba kidogo, zikae usawa wa masikio, wewe na spika mbili mtengeneze pembetatu yenye pande sawa, na ziwe mbali kidogo na ukuta.

Kutoa faili na kulitunza

Toa WAV ya biti 24 kwa sampo reti (ile 44.1 au 48 kHz) ileile ya projekti, kilele kisizidi desibeli -1, hiyo ndo masta yako, yaani nakala kuu. MP3 itengeneze kutoka hapo kwa ajili ya kutumiana tu. Kuhusu ukubwa wa sauti usiibane mpaka ikawa tofali, Spotify kwa mfano inasawazisha nyimbo kwenye -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kwa wastani) hivi, wimbo uliobanwa sana unateremshwa, na ule mbano unabaki.

Folda ya projekti ipe jina la wimbo na tarehe, ndani yake hifadhi na mashairi, tempo na funguo ya wimbo. Nakala moja iwe kwenye kompyuta, nyingine kwenye diski ya nje, ya tatu mtandaoni. Na kabla hujafunga wimbo, toa kila traki peke yake kama WAV, zote zianzie sekunde 0, kwasababu programu zinabadilika na plagini zinapotea, lakini WAV ukiiburuta kwenye programu yoyote miaka ijayo itafunguka na kila kitu kitakaa mahali pake, hata kama anayefanya miksi mpya ni mtu mwingine kabisa.